Datsun Iliyoshuka Nyuma

Ansab, Maskati
Alkhamisi, baada ya sala ya alasiri

Kwa Baba yangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo Baba, na mikono yako yote miwili naibusu kutoka huku mbali. Natumai barua hii itakukuta kikohozi kimekuachia, na Mama magoti hayamsumbui kwa kupanda na kushuka kile kilima cha shamba. Sisi huku sote wazima, alhamdulillah. Joto limeshaanza kutuchoma, na Ami Musallam kila siku anasema mwaka huu ndio mkali kuliko yote, kama alivyosema mwaka jana na mwaka juzi. Shangazi Mahfoudha anakusalimu sana, anauliza karafuu zimezaaje, na anasema ukirudi bila ya achari ya ndimu ya Unguja usipite mlangoni kwake.

Najua utashangaa kuletewa barua ya mkono na Badr wa Shangazi Wadha wakati simu zipo. Simu zipo Baba, lakini yangu huipokei. Hii ni wiki ya saba. Ukimaliza kusalimiana na Ami nikiwa nimekaa ubavuni pake, nikinyoosha mkono nipewe simu, unamwambia una kazi shambani. Sikulaumu. Wewe ndiye uliyenifundisha kuwa neno zito halisemwi kwenye simu, kwa sababu simu mtu huikata katikati, na barua mtu akishaifungua huimaliza. Basi nakuomba hii uimalize, hata kama itakuchukua siku mbili na vikombe vingi vya kahawa.

Nianze na lililokuuma, yaani gari. Habari zake umezipata kwa Ami, na Ami namjua; akihadithia mtu aliyeanguka na baiskeli, huongeza na moto. Kwa hiyo niruhusu niyaeleze upya kwa utaratibu.

Ulipoondoka mwezi wa kwanza uliniachia ufunguo wa Datsun na maneno mawili tu: niliwashe gari kila Ijumaa, na nisimpe mtu mwingine kuliendesha. Hayo nimeyafuata. Ijumaa nyingine nilikuwa nalipeleka hadi Qurum, karibu na pwani, wanapokutana wenye magari ya zamani wakayapanga mstari na kuyasifia kama watu wanaonadi mbuzi. Gari lako lilikuwa likisifiwa mbele na kuchekwa nyuma. Unakumbuka mwenyewe, miaka ile sisi wadogo, uliongeza pau moja katika kila springi ya nyuma, jani la chuma juu ya majani yaliyokuwapo, na tokea hapo nyuma ikawa imeinuka. Kijana mmoja akasema limekaa kama kuku anayetaka kutaga. Watu wakacheka, na mimi nimesimama pale pale na ufunguo mkononi.

Mwezi wa tatu gari likashushwa. Yaliyofanywa ni haya: lile jani uliloliongeza likatolewa kila upande, na kati ya springi na ekseli kikatiwa kipande cha chuma cha inchi mbili, basi bodi ikashuka ikaja kuzikaribia tairi. Aliyefanya hayo unalo jina ulilopewa, na jina hilo nitalifikia. Kwanza nikiri kwamba likiwa tupu lilipendeza. Lilikuwa limetulia barabarani kama mtu aliyekwisha kula. Kosa lenyewe limo katika neno hilo, tupu. Lilipimwa likiwa tupu, Baba, na katika ukoo wetu nani aliwahi kuliona gari lile likitembea tupu?

Ikaja harusi ya Fajr, mjukuu wa Shangazi Mahfoudha, katika ukumbi mmoja huko Qurum. Ada ya nyumba yetu unaijua: bibi harusi ataenda na gari lolote analolitaka, lakini shangazi huenda na Datsun. Nyuma wakajipanga wanne, Shangazi Wadha katikati kwa kuwa upepo wa dirisha unamharibia mtandio. Mbele kando yangu akakaa Shangazi Mahfoudha na chetezo mapajani. Kwenye buti tukatia madebe mawili ya halwa, sanduku la nguo, na begi la viatu ambalo mpaka leo hakuna aliyesema ni la nani. Nilipokaa nyuma ya usukani nikaona boneti imenyanyuka kidogo mbele yangu. Nikasema bismillahi nikaondoka.

Tuta la kwanza la hapa mtaani gari lilipiga kishindo kama mtu aliyeangusha kabati. Shangazi Mahfoudha akaniuliza kama nimemgonga mtu. Tulipotokea kwenye barabara kuu na mwendo kufika themanini, kiti kikaanza kutetemeka kutoka chini, mtetemeko mdogo usiokwisha, mpaka meno yakawa yanagongana. Maghribi ilikuwa inaingia, nikawasha taa, na taa zote mbili zikaelekea mbinguni. Kila dereva aliyetujia alitumulika kwa hasira. Kila penye bonde dogo tairi ya nyuma ilisaga kwenye bati la bodi, na harufu ya mpira ikaushinda udi. Shangazi Wadha alikuwa ameshaanza Ayatul Kursi. Tulipoteremka kuelekea Qurum tukaingia kwenye shimo, ekseli ikapanda ikalibana bomba la moshi, Shangazi Wadha akarushwa akagonga paji la uso kwenye dari, na tairi ya kushoto ikapasuka.

Hapo ndipo ukoo wako uliposimama kando ya barabara kwa nguo za harusi. Ami Musallam alikuwa nyuma yetu na gari lake, akasimama. Mimi nilimpigia Ghadeer, rafiki yangu tuliyesoma naye chuo, kwa kuwa kwao ni Qurum, naye akamtuma kaka yake, Jaifar. Jaifar alifika upesi, akapiga jeki, akapiga magoti akiwa na kanzu nyeupe ya harusi, kwa maana na yeye alikuwa mwalikwa. Ami akainama naye, akaviona vile vipande vya chuma viking'ara kwa upya wao. Alipoinuka uso wake ulikuwa umebadilika. Akauliza, kwa sauti ya kusikika na kila mtu, nani ameligusa gari la kaka yake. Kisha Jaifar akajibu kuwa ni yeye.

Yaliyofuata unayajua, lakini nayaandika ili yakae mahali pamoja. Jaifar ni mtoto wa Bwana Wael, anafundisha chuo cha ufundi, na wazee wake walikuwa wameshamwambia Ami kwamba wewe ukirudi watakuja kuleta posa yangu. Ulipoulizwa ulisema waje. Siku tatu baada ya harusi ile ulimwambia Ami wasije. Ukampa na maneno ya kuwapelekea, kwamba asiyeheshimu gari la mtu hataheshimu binti wa mtu. Ami aliyapeleka kama yalivyo, hakupunguza hata neno. Bwana Wael alimshukuru, akampa kahawa, na habari ya posa ikaishia hapo.

Siku ya pili yake, Jaifar alikuja Ansab kwa Ami. Hakuja kuzungumza posa. Aliomba ruhusa alitengeneze gari, hapa hapa uani, mbele ya macho ya Ami, kwa kazi ya mikono yake mwenyewe, siku za mapumziko. Ami alikubali kwa ukali, akasema aliyevunja na aunge. Nadhani alitaka pia kupata mtu wa kumsimamia, maana tokea astaafu hana wa kumpa amri ila mimi na paka.

Nilidhani ni kazi ya asubuhi moja: vile vipande vitolewe, majani yarudishwe, basi. Kumbe kilichoshushwa kwa siku moja hakipandi kwa siku moja. Majani yako mawili yalikuwa yameshauzwa kama vyuma chakavu. Jaifar alizunguka gereji za vyuma kila alasiri akitoka kazini. Moja alilipata, la pili halikupatikana, akapeleka kipimo kwa mhunzi wa Nizwa akamfulia jipya. Bomba la moshi likakatwa kipande na kuungwa. Shokapu zilikuwa zimepigwa mpaka zikavuja, zikabadilishwa. Mtetemeko ukabaki vile vile hata baada ya gari kuinuka, na Ami akafurahi kuwa amepata jambo la kumsema. Jaifar akafungua propela, ule mhimili unaozungusha tairi za nyuma, akaonyesha kiungo chake kilivyoliwa kwa kuzunguka kimepinda siku zile gari lilipokuwa chini. Kikatiwa kipya, na gari likatulia. Yote haya Ami akiwa juu ya kiti chake, akiuliza kila nati inakwenda wapi.

Lililobaki lilikuwa gumu kuliko yote. Jani moja lilikuwa kuukuu na moja jipya, basi gari likawa limelala upande wa kushoto. Likiwa tupu hulioni, lakini mtu mmoja tu akikaa nyuma linainama kama linamnong'oneza mtu jambo. Jaifar akasema halitapimwa tena likiwa tupu. Alihitaji kujua uzito wa watu wanaolipanda kweli, na hapo akakwama, kwa kuwa hapana mtu mwenye adabu anayeweza kumuuliza shangazi kilo zake. Akafikiri wiki nzima. Kisha akamwomba Ami awaalike shangazi wote watano kahawa ya alasiri, na kahawa hiyo inywewe ndani ya gari.

Natamani ungeliona jambo lile, Baba. Walikuja na mitandio ya kutokea, kila mmoja akakaa mahali pake pa siku zote, nami nikawapitishia kahawa, tende na halwa madirishani. Jaifar alikuwa chini na futi, akipima kutoka tairi mpaka ukingo wa bodi, kushoto na kulia, huku macho ameyainamisha. Shangazi Mahfoudha akatoa kichwa nje akamwambia, "Mwanangu, mimi nna miaka sabini na miwili, sijapatapo kupimwa kwa futi kama kitambaa cha pazia." Jaifar akamjibu kuwa anayepimwa ni gari tu, wao ni wageni. Akawaomba wabadilishane pande, wakakataa. Akaomba samahani akaenda akaleta magunia ya mchele kwa upande uliopungua. Alilifungua jani jipya mara tatu, mara tatu akalipeleka Nizwa likapunguzwe mkunjo. Na kila mara shangazi walirudi kunywa kahawa ndani ya gari, mpaka majirani wakauliza kama tumehamia humo.

Mara ya mwisho ilikuwa Jumamosi iliyopita. Gari likasimama sawa pande zote mbili na watu wake wote ndani. Ilipoingia magharibi wakabaki wamekaa, Jaifar akapiga mstari wa chaki kwenye ukuta wa ua na kuzirekebisha taa mpaka zikaukuta mstari. Kisha nikaliendesha nao mpaka Qurum na kurudi. Shangazi Wadha alisinzia njiani, na hiyo kwake ni cheti. Ami aliinuka kwenye kiti chake. Alimpa Jaifar mkono, jambo ambalo kwa wiki saba hakuwa amelifanya. Jaifar akakunja vitambaa vyake akaenda zake, hakuulizia chochote.

Baba, sasa nimefika. Aliyelishusha gari lako ni mimi.

Si Jaifar. Ni mimi, mwanao. Jumatatu moja ya mwezi wa tatu niliomba ruhusa kazini saa nne asubuhi nikalipeleka gereji moja ya mtaa wa Ghala. Fundi alilitazama kwa chini, akaniuliza kama mwenye gari ameridhika. Nikamjibu mwenye gari ni mimi. Neno hilo ndilo linaloniamsha alfajiri kabla ya adhana. Nililitamka bila ya kupepesa macho, kwa sababu tu watu wa Qurum walicheka. Niliona haya kwa ajili ya springi. Sikujiuliza hata mara moja ulikuwa ukimbeba nani miaka ile mpaka ukaziongeza.

Na Jaifar alinikataza. Ijumaa niliyochekwa yeye alikuwapo na dada yake, nikamuuliza mbele ya Ghadeer kama gari linaweza kushushwa. Akaniambia linaweza, lakini nisiliguse, kwa kuwa limeinuliwa na mtu aliyekuwa na sababu, na mtu huyo hayupo tumuulize. Nilikwenda Ghala siku ya tatu yake. Yule unayesema hakuheshimu gari lako ndiye peke yake aliyeliheshimu.

Kando ya barabara siku ile, Ami alipouliza, nilifungua mdomo na sauti haikutoka. Shangazi watano walikuwa wananitazama, na Shangazi Wadha ameshika paji la uso. Jaifar akaninusuru kabla sijajua kuwa nanusuriwa. Aliniambia baadaye, Ghadeer akiwepo, kuwa alidhani ni karipio la siku moja, na karipio la gari mwanamume hulibeba likapita. Hakudhani posa itafungwa kwa hilo. Wala mimi. Lilipokuja jibu lako nilimwambia aseme kweli, akakataa. Alisema akisema sasa atakuwa mtu aliyemwaibisha msichana mbele ya wazee wake ili ajiokoe mwenyewe, na mtu wa namna hiyo wewe utakuwa na haki ya kumkataa. Akaniambia ulimi ni wangu.

Nami nikanyamaza wiki saba. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mimi nimekaa kivulini nikipitisha kahawa, huku nikimtazama mtu amelala chini ya gari akitengeneza kosa langu na kutukanwa kwa kosa langu. Kila wiki nilijiambia gari likipona nitasema. Gari limepona Jumamosi. Jumapili Ghadeer akaniambia kuwa mama yao, baada ya hija, ataanza kumuulizia Jaifar nyumba nyingine, kwa kuwa hii imeshafunga mlango. Nililia, Baba. Nampenda. Naliandika hili kwa haya, kwa kuwa sijawahi kukuambia jambo kama hili na sijui binti humwambiaje baba yake.

Sikuombi umkubali kwa ajili ya machozi yangu. Ukimrudishia jibu la mwanzo nitashukuru mpaka kufa kwangu. Ukiona bado hafai, wewe ni baba na neno ni lako. Ninachokuomba ni kimoja: ukimkataa, mkatae kwa lake, usimkatae kwa langu. Na adhabu ya gari nipe mimi, yoyote utakayoona. Ufunguo nimeshautoa kwenye mkoba wangu nimempa Shangazi Mahfoudha. Hakuniuliza kwa nini, lakini alinitazama sana.

Nisamehe, Baba, kwa gari na kwa wiki saba. Nisamehe zaidi kwa lile neno nililomjibu fundi.

Mpe Mama salamu zangu nyingi, mwambie namkumbuka kila nikipika, hasa ninapounguza. Wasalimie majirani wote wa shamba, na yule mzee wa kisimani. Ghadeer anakusalimu. Ami Musallam na shangazi wote wanakusalimu, ijapokuwa hawajui ninayoyaandika.

Watayajua kesho. Ni Ijumaa, watakuja wote kula chakula cha mchana. Nimeinakili barua hii, na baada ya kula nitasimama niwasomee yote tokea bismillahi, mbele ya Ami na mbele ya wale wale watano. Badr anasafiri Jumamosi. Kwa hiyo Baba, itakapokuwa mikononi mwako, Jaifar atakuwa ameshatoka lawamani hapa Maskati, na atakuwa amebakia kwako tu.

Wabillahi tawfiq.

Mwanao mkosefu, anayengoja jibu lako,

Noof